Bomba Aliloliacha Vital

Kwa Domitille maji hayakuwa yamekwisha. Kilichokwisha ni robine, koki ya kufungulia maji. Waporaji walipopita mtaani kwao Mudzipela waling'oa kila kitu cha shaba. Mume wake Vital akaziba bomba la plastiki kwa kijiti, akasema atafunga robine mpya akirudi kutoka Mongbwalu. Hakurudi. Waliokimbia naye vita vya huko walisema walimwona akianguka kwa risasi karibu na Nizi, nao hawakuwa watu wa kuzua maneno.

Domitille alisadiki. Alphonsine, mama yake Vital, alikataa katakata. Hakuna maiti, hakuna matanga, basi. Alikataza mtu yeyote kugusa lile bomba, na vyombo vya kazi vya mwanawe akavifungia chumbani mwake. Alikuwa na kichwa kigumu, Mungu amrehemu, hata mbuzi walimpisha njia.

Lakini mtu hunywa maji, hanywi matumaini. Fifi, binti wa Domitille na Vital aliyevunja ungo juzi tu, ndiye aliyekuwa akishuka chemchemini, na huko wenye bunduki walikuwa wameanza kukaa majanini wakiwavizia wasichana. Wiki ile binti wa jirani alirudi bila dumu na bila sauti. Domitille alimwona. Siku ya soko akanunua robine iliyotoka Ariwara.

Asubuhi yake alifunga vane iliyo uani karibu na uzio, ile inayokata maji ya bomba zima, akang'oa kijiti, akawasha mbabula ya makaa. Kwetu plastiki hailazimishwi ikiwa baridi: unaipasha juu ya makaa mpaka ilegee, unasukuma robine ndani, unaiacha iishike yenyewe inapopoa. Domitille alikuwa amemshikia Vital bomba mara nyingi, kazi aliijua. Ila mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akingoja ashindwe, naye Domitille akataka kumfunga mdomo upesi. Alisukuma robine ndani, na bomba lingali la moto, akafungua vane.

Robine iliruka kama chura, maji yakampiga kifuani. Wanaosema maji yakimwagika hayazoleki hawajawaona majirani wa Mudzipela, jinsi walivyokuja mbio na mabeseni, sufuria, hata kofia. Domitille alikimbilia kufunga vane. Ncha ya bomba ilikuwa imepasuka, ikabidi aikate, na juu ya ardhi kikabaki kipande cha urefu wa kiganja tu. Akikosea tena, basi, bomba limekwisha. Alikaa kwenye tope akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Fifi alichukua dumu akashika njia ya chemchemi.

"Fifi, rudia huku," Alphonsine akasema.

Bibi kizee akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa amebeba sanduku la mwanawe, akaliweka mbele ya mkaza mwana wake. Ndani mlikuwa na bisibisi na kolye, ile pete ya chuma inayokaza plastiki isiachie.

"Mama Fifi, pasha tena moto," alisema. "Sasa tutangoya ipole. Miye ndo nitakuambia saa ya kufungula."

Wakapasha, wakasukuma, wakakaza kolye. Majirani walinung'unika na madumu yao. Alphonsine akawaambia mwenye haraka akakamue mawingu. Kila Domitille aliposogelea vane, alimzuia. Mwishowe alilishika bomba kwa kiganja, akauacha mkono pale muda mrefu kuliko plastiki ilivyohitaji. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Maji yakaja, na robine haikutikisika. Fifi akasogeza dumu, lakini nyanya yake alilisukuma kando. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akainama, akanawa uso taratibu, akasimama huku maji yakimchuruzika shingoni.

"Fifi, tosha mikeka yote inje," alisema. "Na banyiye bajirani, mubakie. Mutoto yangu Vital alikufaka."

Domitille akafunga robine, na kilio kikaanza.