Kitu cha Mtu Waliyemzoea

Jumanne saa tatu asubuhi Dada alipanda mizani ya bafuni akiwa amembeba mbwa, akamshusha, akapanda tena peke yake, na madamu aliyesimama mlangoni akapiga hesabu ya tofauti kwa simu. Kilo ishirini na mbili. Fomu ya safari ilitaka uzito wa kila mnyama, na mbwa alikuwa mzee mwenye yabisi ya nyonga ambaye mambo ya kupimwapimwa alikwisha kuyakataa tangu ujana. Paka alipimwa ndani ya ndoo. Kasuku alipimwa kwenye mizani ya unga, huku akijisomea uzito wake kwa sauti na kukosea.

Nyumba ilikuwa inahamia mbali, mwendo wa ndege mbili. Bwana alikuwa ametangulia, makochi yalikuwa yameuzwa, mapazia yameshushwa, na ukikohoa sebuleni, jikoni wanakuitikia. Wanyama watatu walikuwa wamepangiwa wiki sita za matayarisho: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, chipu chini ya ngozi ya shingo, cheti chenye mihuri miwili, na mazoezi ya kulala ndani ya vizimba vya plastiki ili siku ya safari wasione kioja. Kazi hizo zote zilikuwa za Dada. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, amempita madamu kwa kumi na mmoja, lakini "Dada" ni jina la kazi, na jina la kazi halizeeki.

"Tungekuchukua, Dada," madamu alikuwa akisema kila alipofunga katoni. "Wewe ni mtu wa nyumbani kabisa. Ila ndiyo hivyo tena, viza."

"Ndiyo, madamu," Dada alikuwa akijibu, na kumpa mkasi.

Dada alikuwa na pa kwenda. Mama yake aliishi katika chumba kimoja upande wa pili wa mji, huu mwaka wa tisa haoni, na alimjua mwanawe kwa harufu, kwa sauti, na kwa jinsi anavyoburuza ndara. Kila Jumapili, Dada hajabisha hodi, mama husema kutoka ndani, "Ingia, umechelewa." Mpango wa Dada ulikuwa mmoja tu: nyumba ikishahama, akae na mama yake siku zote saba za wiki, mpaka mmoja wao amzike mwenzake.

Daktari wa mifugo alikuja Alhamisi. Alikuwa amesomea ng'ombe, maisha yakamtupa kwa paka, na alisoma fomu kama mtu anayesoma bili ya maji.

"Ukurasa wa nne," alisema. "Kila kizimba kiwe na kitu cha mtu waliyemzoea. Bila hicho hawapandi ndege."

Madamu alileta skafu yake ya hariri. Mbwa aliingia kizimbani, akaitoa kwa meno, akaenda kuiweka mlangoni kando ya viatu. Madamu akaleta sweta. Paka akalikojolea.

"Sasa hapa," daktari aliuliza, "waliyemzoea ni nani?"

Madamu aliokota skafu yake, akaanza kuikunja. Kasuku akasema, "Dada! Dada, njoo!"

Basi Dada alivua aproni, akaitandika ndani ya kizimba, na mbwa akaingia akakoroma hadi saa kumi. Jioni, wakati anakata vitunguu, Dada aligundua kwamba mikono yake hainuki kitunguu. Alinusa kwapa, akanusa mto wake wa kulalia. Mto ulikuwa kama wa dukani.

Daktari aliporudi alimnusa begani, kama mtu anayekagua maziwa. "Harufu imehamia yote," alisema. "Afadhali. Ikihama nusu, wanyama hutapika njiani."

"Itarudi?"

"Mbwa akirudi."

"Na mama yangu, daktari?"

"Mama yako anasafiri?"

"Hasafiri."

"Basi hayumo kwenye fomu," alisema daktari, bila ubaya wowote, akagonga muhuri.

Jumapili hiyo mama alimsikia akija, akamwambia aingie, amechelewa. Alipomkumbatia akavuta pumzi mara mbili. "Pua nayo imenitoka," mama alisema. "Macho yaliondoka yenyewe, sasa yanaita wenzake."

Kasuku alikataa kula kizimbani. Siku tatu Dada alichuchumaa mbele yake akimfokea: "Kula, mvivu we! Unadhani mbegu zinajimenya?" Siku ya nne kasuku alimrudishia maneno yale yale kwa sauti ile ile, na mkwaruzo wake, na kile kikohozi kidogo cha mwishoni, kisha akaanza kula. Dada alifungua kinywa amsifu. Ikatoka sauti nyororo isiyo na mwenyewe, kama zile zinazotangaza namba ya foleni.

"Nani huyo, Dada?" madamu aliita kutoka chumbani. "Mwambie hatununui kitu!"

Jumapili iliyofuata mama alimuuliza kama ana mafua. Dada akasema ndiyo.

"Mafua gani haya yanamfanya mtu azungumze kama benki?" mama alisema. Lakini ndara alizozisikia uani zilikuwa zenyewe, na kwa kuziamini hizo akamsogezea kigoda.

Akabaki paka. Paka huyu Dada alimwokota mtaroni, sikio moja limeliwa na panya, akamlea kwa maziwa ya kitone. Miaka minane alikuwa akiamshwa na ndara za Dada zikienda jikoni alfajiri. Kizimbani hakula wala hakunywa, na manyoya yakaanza kumtoka kwa mafungu. Daktari alimtazama ulimi.

"Huyu anataka mwendo wa mtu," alisema. "Weka ndara."

"Mwendo hapana," alisema Dada.

Lilikuwa "hapana" la kwanza kwa miaka kumi na tisa, na kwa ile sauti mpya madamu hakujua limetoka kwa nani. Ilibidi Dada alirudie.

"Dada, atakufa njiani! Una roho gani wewe?"

"Roho ninayo, madamu. Ila mama yangu amebakiwa na hizi ndara tu za kunijulia."

"Jamani, ndara! Si nitakununulia nyingine?"

Daktari aliangalia saa yake, akasema wana siku tatu.

Siku mbili Dada alifanya kazi zake bila kukipitia kile kizimba. Alifunga vyombo kwa magazeti, akasugua alama za makochi sakafuni. Siku ya tatu alipita. Paka alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa mlango, na ndara zilipomkaribia hakugeuza hata lile sikio lililobaki. Dada alikaa chini sakafuni. Kisha akavua ya kulia, akavua na ya kushoto, akaziingiza ndani.

"Haya, chukua, mwanangu," alisema.

Paka alilala juu yake, na baada ya saa moja akanywa maji.

Tangu hapo Dada alitembea bila kishindo, hata alipovaa viatu vya kisigino alivyopewa na madamu. "Usinitokee kama moshi, Dada!" madamu alikuwa akilalamika, mkono kifuani.

Siku ya safari vizimba vilipakiwa kwenye gari. Dereva alisema tangu aanze kazi hajabeba wanyama wenye adabu namna hii. Madamu alilia kidogo, akamkumbatia Dada, akamwambia hatamsahau, akampa funguo azirudishe kwa mwenye nyumba.

Dada alirudisha funguo, akapanda mabasi mawili, akafika kwa mama yake alasiri. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kitandani uso umeelekea uani, na hakusema ingia.

"Hodi," alisema Dada.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mwanao."

"Hata yule aliyechukua redio yangu alisema ni mwanangu."

Dada alimtajia jina la baba, mwaka aliozaliwa, ugonjwa uliomchukua kaka yake, na kovu la mama chini ya goti na lilivyopatikana. Mama alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Amekusimulia mengi," alisema. "Kumbe mnapatana."

Dada alimpa mikono aishike. Mama aliigeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye nyufa za viganja. "Kazi za nyumba za watu," alisema. "Nami nilikuwa nayo hii hii. Yote inafanana. Amekutuma unisaidie?"

Dada alikuwa amechoka. Aliweka begi chini.

"Ndiyo," alisema. "Amenituma."

"Yeye anakuja lini?"

"Wakimaliza kuhama."

"Watu wale hawamalizi," alisema mama. "Ufagio uko nyuma ya mlango."

Baada ya juma moja ujumbe wa madamu uliingia kwenye simu, na Dada akausoma kwa sauti. Wamefika salama. Mbwa anakoroma, paka amenenepa, kasuku anafoka kutwa nzima, utadhani wako nyumbani. Daktari wa huko anauliza walifanyaje.

"Anafoka anasemaje?" mama aliuliza.

Dada alimwambia: kula, mvivu we, unadhani mbegu zinajimenya?

Mama akacheka hadi akashika ubavu. "Huyo sasa ndiye mwanangu," alisema.

Jioni, Dada alipoanza kupakua, mama alimwambia asimalize sufuria. Ambakishie mwanawe, huenda akaja amechoka. Dada alipakua sahani tatu. Ya mama akampa mkononi, yake akala, ya tatu akaifunika na kuiweka mezani. Hakuja mtu. Asubuhi aliila ikiwa baridi, akaiosha, na jioni akapakua tena tatu.