Jicho la Katekista

Kila Jumapili, pale kigangoni Ulyankulu, watu walipokea Komunyo halafu hawakufumba macho kusali kama walivyofundishwa. Walimtazama katekista Ferdinandi. Aliweka hostia mdomoni, akapiga magoti, na kabla hajamaliza kumeza jicho lake la kushoto likaanza kulia. La kulia lilibaki kavu. Chozi lilishuka shavuni hadi kidevuni, na akina mama wa benchi la mbele wakatikisa vichwa kwa upole.

Ferdinandi alikuwa amewaeleza tangu mwanzo. Msimu mmoja wa tumbaku aliamka uso umepooza upande wa kushoto, mdomo umekwenda pembeni. Uso ulirudi taratibu, lakini tangu hapo kila alipotafuna kitu jicho lile lilitiririka. Alilisema hilo kanisani mbele ya wote. Mzee Nsabimana, mwenyekiti wa kigango, akasimama baada ya ibada na kusema, "Mmemsikia. Mtu mwenye karama hajisifu."

Nyumbani, mkewe Koleta hakuona karama yoyote.

"Hostia chozi, maharage chozi," alisema akimpa kitambaa. "Wageni wakija wanafikiri nakupikia shubiri."

Ferdinandi alicheka naye, mpaka siku aliyokuja Nizigiyimana. Huyu alikuwa jirani yao, mama kijana mwenye binti mdogo, Ishimwe, aliyezaliwa mzima lakini akapatwa na kifafa. Alikuja mchana na jogoo kwapani, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, Mama Ishimwe. Na jogoo huyu?"

"Wa shukrani. Ulipombariki mtoto baada ya Komunyo, chozi lako lilimdondokea utosini. Tangu siku ile hajaanguka."

"Mungu asifiwe. Na vidonge anameza vizuri?"

"Vidonge nimevitupa chooni. Nikiendelea kumpa, si nitakuwa namwambia Mungu simwamini?"

Ferdinandi alimtazama mtoto, akamtazama mama. Koleta alikuwa ametenga muhogo wa kuchemsha. Ferdinandi akachukua kipande, akakitafuna mbele ya mgeni, na chozi likaja.

"Unaona, mama? Huu ni muhogo tu."

Nizigiyimana alimwangalia kwa heshima kubwa zaidi. "Wewe hata muhogo unamshukuru Mungu kwa machozi. Sisi wengine tunakula tu kama mbuzi."

Koleta akageukia ukutani kuficha kicheko. Ferdinandi hakucheka.

Wiki haikuisha. Ishimwe alianguka jikoni kwao na mguu wake ukaingia kwenye majivu yenye moto. Mama yake hakukimbilia zahanati. Alikimbilia kwa Ferdinandi, mtoto mgongoni, kitambaa safi mkononi.

"Chozi lile la kwanza limeisha nguvu," alisema akihema. "Sali, katekista, nikinge jingine."

Ferdinandi alimchukua mtoto, akatembea naye mwenyewe hadi zahanati. Nesi akausafisha mguu na kuufunga. Alipotaja vidonge vya kifafa, Nizigiyimana alikataa kwa adabu. "Mguu utibu wewe, dada. Kifafa nimeshakiweka mikononi mwa Mungu."

Jioni ile Ferdinandi alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana," alisema, "mtoto huyu ataungua mbele yangu kwa sababu ya jicho langu. Sijui niseme nini tena. Nionyeshe." Hakusikia sauti. Ila alikumbuka tangazo la redioni alilokuwa amelipuuza, la madaktari bingwa wa macho waliofika Tabora mjini. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba jicho lile linaweza kutibiwa. Alikuwa amelizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Asubuhi akaenda kwa Nizigiyimana.

"Mama, naenda Tabora wanikaushe jicho hili. Twende wote, na Ishimwe akaonwe."

Mwanamke aliweka chini ndoo ya maji. "Ukilikausha, mwanangu atabaki na nini?"

"Na Mungu yuleyule."

"Maneno hayo ni mepesi kwako. Si wewe unayemwokota." Akainua tena ndoo yake. "Nitakuja. Lakini nitamwambia huyo daktari asikuguse."

Walipanda basi hadi Tabora. Daktari alikuwa mama wa makamo aitwaye Tunu, mzaliwa wa Tabora palepale. Alimsikiliza Ferdinandi, akafungua droo na kumpa biskuti.

"Tafuna, baba."

Ferdinandi akatafuna. Jicho likalia.

"Hii nimeinunua dukani Mtendeni," daktari alisema. "Haijabarikiwa na mtu."

Nizigiyimana alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, mtoto mapajani. Maneno yote aliyokuwa ameyaandaa hakuyasema. Aliinama mbele. "Mpe nyingine," alisema.

Akapewa nyingine. Chozi likaja.

"Sasa mwambie asali. Asitafune kitu, asali tu."

Daktari alishangaa, lakini hakukataa. Akampa Ferdinandi maji asuuze mdomo, akangoja jicho likauke. Ferdinandi akafumba macho, akasali Baba Yetu polepole. Alimwombea Ishimwe, kwa moyo wote aliokuwa nao, kuliko alivyowahi kusali madhabahuni. Akafika Amina, akafumbua macho.

Yote mawili yalikuwa makavu.

Ishimwe aliomba biskuti, akapewa.

"Mama," daktari alisema, "wewe ni mtu wa huku, unajua misafara ya zamani ilipofika hapa Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe. Uso wa baba ulipopooza, mishipa ya fahamu iliharibika. Ilipoota tena ikakosea njia panda. Mzigo wa mate ukapelekwa kwenye machozi. Kila mdomo unapoagiza mate, jicho ndilo linalopokea."

"Na dawa yake?" aliuliza Nizigiyimana.

"Sumu."

"Sumu?"

"Ya vijidudu, inaitwa botulinum. Nyingi inaua. Tone dogo lililopimwa vizuri linaifanya mishipa hiyo isinzie, tezi ikapunguza machozi. Dar es Salaam wapo wanaolipa wachomwe usoni wasionekane wazee."

Ferdinandi akauliza, "Nikifiwa, nitaweza kulia?"

"Jicho la kulia litalia kama kawaida. Hili litalia kidogo. Kope inaweza kulegea kwa muda, usiogope. Na baada ya miezi kadhaa dawa itaisha nguvu, utarudi tuchome tena."

Alimtia matone ya ganzi, akainua kope ya juu, na kuchoma sindano nyembamba upande wa nje, kwenye tezi. Ferdinandi alishika rozari yake kwa nguvu. Hakuwa amemaliza Salamu Maria moja daktari alipomwambia ainuke.

Nje, kwenye korido, Nizigiyimana alisimama bila kujua aelekee wapi.

"Kwa hiyo Mungu hakunisikia?" aliuliza.

"Angekuwa hakukusikia," Ferdinandi alisema, "ningekuwa kwenye basi lile peke yangu."

Nizigiyimana akamfunga mtoto mgongoni na kuuliza chumba cha kifafa kiko wapi. Huko aliambiwa kwamba ugonjwa ule hupumzika wakati mwingine, na kwamba dawa zake haziachwi ghafla. Alitoka na vidonge amevifunga kwenye pindo la khanga.

Dawa ya jicho ilichukua siku kadhaa kufanya kazi. Koleta ndiye aliyegundua kwanza, wakila ugali kwa dagaa. Alishika kitambaa tayari, akangoja, akakirudisha begani. "Leo umekula kama mume wa mtu," alisema.

Jumapili ilipofika watu walipokea Komunyo wakamtazama. Jicho lilikuwa kavu. Minong'ono ikapita benchi hadi benchi, na baada ya ibada mzee Nsabimana akamvuta pembeni.

"Katekista, umetenda dhambi gani?"

"Nimechomwa sindano, mzee."

"Sasa tutajuaje kwamba unasali?"

"Mtafumba macho na ninyi."

Nizigiyimana akapita katikati ya watu, amemshika Ishimwe mkono. Mguu wa mtoto ulikuwa umeanza kupona. "Mbariki," alisema, kwa sauti iliyosikika na wote.

Ferdinandi aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto na kusali. Hakuna kilichodondoka. Nizigiyimana akasema Amina, akafungua pindo la khanga, akatoa kidonge, na kumwomba Koleta maji. Ishimwe akakimeza palepale mlangoni pa kanisa, uso umekunjamana kwa uchungu, kisha akatoa ulimi kuonyesha kwamba kimekwenda.

Jicho la kushoto la Ferdinandi halikutikisika. La kulia likalowa. Akageuka akalifuta haraka kwa mkono wa kanzu, watu wasije wakaanza upya.