Kompresa ya Mama Mkwe

Mke wangu alingoja nijaze mdomo ndipo akasema.

"Mama akikwama tena kwenye kile kilima, anaacha kuendesha. Na akiacha kuendesha, anahamia kwetu."

Nilipaliwa mpaka machozi yakanitoka. Akanisogezea maji taratibu, kama mtu aliyetoa salamu tu.

"Kwetu wapi?"

"Hapa. Kwani una kwenu kwingine?"

Nieleze jambo hili vizuri, maana watu hupenda kunielewa vibaya. Mama mkwe wangu simchukii. Ni mchapakazi, ana mdomo mkali na moyo safi. Lakini alipokuja kukaa nasi mtoto wetu wa pili alipozaliwa, alinifulia ovaroli ya gereji kwa dawa ya kung'arisha shuka, na wateja wakaniuliza kama nimeacha ufundi nauza maziwa. Spana zangu alizipanga kwa uzuri wa sura, siyo kwa namba. Na kila nilipokaa kwenye kiti changu cha dirishani alinitazama bila kusema kitu, mpaka nikasimama kutafuta mzigo wa kubeba.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilifungua gereji wakati majirani bado wanajigeuza kitandani.

Gari lake lilikuwa pale uani tangu juma lililopita, likingoja zamu. Kila alipouliza nilimjibu, "Kesho, mama," kwa heshima kubwa. Ni gari la zamani, refu, la kuvutwa na matairi yote manne, na analitumia kupeleka vifaranga kwa wafugaji wa mlimani. Mtaa mzima unamwita Mama Vifaranga.

Ugonjwa wa gari ulikuwa kwenye difu. Difu, kwa asiyejua, ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi la kulia na la kushoto. Kazi yake ni njema, ila lina tabia moja ya kijinga: tairi moja likiingia kwenye tope, nguvu yote hukimbilia hilo hilo linaloteleza, na lile lililo pakavu linakaa tu kama mgeni rasmi. Aliyekuwa na gari kabla ya mama alikuwa ametia kufuli ndani ya difu la nyuma. Ukilipulizia upepo, kufuli linabana, na matairi yote mawili yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Tatizo ni kwamba kompresa ya kupuliza huo upepo ilikufa zamani. Kompresa mpya ilikuwa rafuni kwangu, ndani ya boksi, imejaa vumbi la zile kesho zangu zote.

Sijamaliza kufungua boksi, nikasikia viatu vya mama mkwe kwenye kokoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo ndiyo kesho?"

Nyuma yake alikuja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni muuza magodoro, mnene, ana huruma nyingi na sauti kubwa zaidi ya huruma. Mke wangu naye akaingia na chupa ya chai. Nikajua kazi yangu leo ina wasimamizi.

"Shemeji, usijisumbue," alisema muuza magodoro. "Nimeshampata dereva, mtu mtulivu kabisa. Mama apumzike. Safari ile amekaa kwenye tope tangu asubuhi mpaka trekta ikaja kumtoa. Umri ule!"

"Umri upi?" mama akauliza.

"Mama, mimi nakupenda."

"Nipende ukiwa umenyamaza." Akanigeukia. "Baba, mimi na mwanangu tumekubaliana. Kesho napandisha mzigo wangu, na yeye atakaa pembeni yangu aone. Nikikwama, funguo za gari hizi hapa, ampe dereva wake. Nisipokwama, huyo dereva akaendeshe magodoro."

Mke wangu alinitazama juu ya kikombe. Nami nikakiona kiti changu cha dirishani kikiwa na mtu mwingine, ameweka na kitambaa cha kufuma.

Nikafungua boneti. Kompresa yenyewe si kubwa, imelingana na mkate. Mahali nilipopataka ni karibu na betri, ili waya uwe mfupi.

"Hapo sipataki," mama akasema. "Iweke ndani, chini ya kiti cha abiria."

Sasa, mteja mwingine ningemjibu vizuri tu: gereji ya nani? Lakini mama mkwe hajibiwi hivyo. Nikamgeukia mke wangu.

"Mwambie mama kuwa ndani itapiga kelele."

"Mwambie mwenyewe. Kwani mama amekuwa kiziwi?"

"Nimesikia," mama akasema. "Kelele ndizo nazitaka. Kitu nisichokisikia nitajuaje kama kinafanya kazi? Vifaranga mia wakiwa gizani, mimi huwajua wazima na wagonjwa kwa sauti. Huko mbele injini inanguruma, nitasikia nini?"

"Lakini mama, mafundi wote huweka..."

"Mafundi wote watapanda na mimi?"

Nikaiweka chini ya kiti. Kwa shingo upande, lakini nikaiweka. Nilitoboa sakafu, nikaikaza kwa boliti nne, nikavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri na kuupitisha kwenye fyuzi, halafu nikaweka swichi mbili kwenye dashibodi: ya kwanza kuwasha kompresa, ya pili kufunga difu. Kisha nikaingia uvunguni na ile paipu nyembamba ya upepo, kuipeleka nyuma hadi kwenye difu. Mama akachuchumaa, akanishikia tochi.

Muuza magodoro alikuwa ametoka kupokea simu. Mama akashusha sauti.

"Yule mtoto ni mwema. Anadhani kukaa ni kupumzika. Mimi nikikaa, baba, nitabaki kuulizia habari za wale watu wa mlimani kama mtu aliye kifungoni. Nani kazaa, nani kajenga, kuku wa nani wamekufa. Sasa hivi naziona mwenyewe."

Mwenzangu alikuwa anapigania maisha yake, mimi napigania kiti. Nikaharakisha kufunga ile paipu, nikaibana hapa na pale, nikatoka uvunguni.

Jaribio la difu ni rahisi. Unainua matairi ya nyuma kwa jeki, unatia gia, unalizungusha tairi la kulia kwa mkono. La kushoto linazunguka kinyume.

"Kama wewe na mimi," mke wangu akasema.

Kisha ukibonyeza swichi ya kwanza, kompresa inaunguruma. Ikishiba upepo inanyamaza yenyewe. Ukibonyeza ya pili, unasikia *tak* kule nyuma, na matairi hayasogei hata ulisukume lipi. Mama alilivuta tairi kwa mikono miwili mpaka kilemba kikamteleza.

"Limebana," akasema. Hilo, kutoka kwake, ni hotuba nzima ya pongezi.

Kesho yake tulipanda wote wanne. Mama kwenye usukani, muuza magodoro pembeni yake kama hakimu, mimi na mke wangu nyuma, na nyuma yetu maboksi ya vifaranga wakipiga kelele kama shule iliyokosa mwalimu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilikuwa nzuri hadi kwenye ile kona ya chini, kisha kilima kikajitokeza mbele yetu, chekundu, kinang'aa kama sabuni iliyoloweshwa.

"Mama, tunaweza kurudi tu," muuza magodoro akasema. "Hakuna atakayekucheka."

"Nitakucheka mimi wewe." Akabonyeza swichi ya kwanza.

Kompresa ikaunguruma. Ikaunguruma. Ikaendelea kuunguruma.

"Shemeji," hakimu akasema, "makalio yangu yanatetemeka."

"Ni kawaida."

Mama aliegesha gari pakavu, kabla ya tope, akageuza shingo kunitazama.

"Baba, ulisema ikishiba inanyamaza."

"Ndiyo, mama, ila leo kuna mlima, na baridi, na..."

"Na nini?"

Mke wangu alikuwa anatazama nje. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Hii haishibi," mama akasema. "Kuna mahali inavuja. Shuka ukatazame."

Nikashuka. Nilijua kabisa sitakuta kitu, maana mimi ndiye niliyeifunga. Nikaingia uvunguni kwa mgongo, nikaifuata paipu kwa kidole kutoka sakafuni kwenda nyuma. Ilipofika kwenye eksozi, lile bomba la moshi, karibu kabisa na difu, kidole kikaungua. Paipu ilikuwa imeiegemea eksozi kama mlevi aliyeegemea ukuta, imeyeyuka, na upepo unatoka *fyuuu* mwembamba. Gereji hatukuwasha injini kwa muda mrefu, kwa hiyo eksozi ilikuwa baridi, na yote yakaonekana safi. Pale mlimani ilikuwa ya moto.

Nililala pale kidogo. Ningeweza kutoka na kusema ni kiwanda kimetengeneza paipu mbovu. Mdomo ulikuwa umeshajiandaa. Lakini muuza magodoro alikuwa ameshuka, ameinama, ananitazama moja kwa moja.

"Ni nini, shemeji?"

"Nimeifunga vibaya," nikasema. "Imegusa eksozi. Kosa ni langu, siyo la gari wala la dereva."

"Basi, mambo yamekwisha! Mama, umesikia? Tumekwama."

"Tumekwama?" Mama aliteremka, akapiga mguu chini. "Hili ni tope au ni vumbi? Tazama kiatu changu. Nimesimama pakavu, kwa hiari yangu, kwa sababu nimesikia kitu ambacho fundi amekikataa. Huyo dereva wako mtulivu angesikia? Angepanda, lingemfia katikati, na vifaranga wangu wangezeeka humo."

Muuza magodoro akainama, akakikagua kiatu cha mama.

Kisu ninacho mfukoni siku zote. Nilikata kile kipande kilichoyeyuka. Bahati nzuri nilikuwa nimeiachia paipu ulegevu wa kutosha, ikafika bila kulazimishwa. Nikaichomeka tena kwenye kiungo chake, nikaifunga kwenye chasisi upande wa pili, mbali na moto. Mama akatoa sabuni anayonawia akishika vifaranga, akaikoroga na maji kwenye kifuniko cha chupa, akanipa.

"Paka kwenye viungo. Kukiwa na povu, usiniambie ni baridi."

Nikapaka. Hakukuwa na povu. Akabonyeza swichi, kompresa ikaunguruma kidogo, ikanyamaza. Ule ukimya ulikuwa mtamu kuliko muziki wowote.

"Imeshiba," mama akasema. "Pandeni."

Akabonyeza swichi ya pili. *Tak.* Akatia gia ndogo, hakukimbia wala hakubembeleza. Tulipoingia kwenye tope gari likatikisa kiuno, tope likaruka mpaka juu ya vioo, na mke wangu akanishika paja kwa kucha zote. Nilihisi tairi la kushoto linateleza. Safari zile nyingine hapo ndipo hadithi ilipokuwa ikiishia. Sasa la kulia likazunguka pamoja nalo, bega kwa bega, likauma udongo. Tukapanda. Muuza magodoro alikuwa anasukuma dashibodi kwa mikono miwili, kama gari linahitaji msaada wake.

"Twende, mama!" akapiga kelele. "Usiachie! Twende!"

Hakimu alikuwa amesahau kazi iliyomleta.

Juu kabisa kuna kona, na kando ya kona kuna shamba la maharagwe. Mama akakata usukani, gari likaendelea mbele kama halikusikia.

"Fungua difu!" nikasema. "Likiwa limefungwa halipendi kona!"

"Sasa ndiyo unaniambia?"

Akabonyeza, kule nyuma pakalia *tak*, na gari likageuka ghafla. Tulipoteza miche kadhaa tu, na mwenye shamba alikuwa mteja wa mama. Alikuja anakimbia, mkono juu, akaliona gari, akacheka.

"Mama Vifaranga! Tulisikia umestaafu!"

"Kastaafu nani?" mama akasema, na kuanza kushusha maboksi.

Wakati wa kurudi maboksi yalikuwa matupu na kila mtu alikuwa na furaha. Muuza magodoro alikuwa ameshampigia yule dereva na kumwambia asije. Furaha ikanilegeza ulimi.

"Basi, mama," nikasema, "hakuna tena haja ya kuhamia kwetu."

Mama akapunguza mwendo.

"Kuhamia wapi?" mama akauliza.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anahesabu miti.

"Kwetu. Si ulisema ukiacha kuendesha..."

"Mimi?" Mama alinitafuta kwenye kioo. "Mimi niishi kwenye nyumba ile? Mlango wa choo haufungiki, mtu anajisaidia huku ameushika kwa mguu. Wewe unakoroma bati linaitika. Sijasema hivyo hata ndotoni. Chumba changu kipo kwa huyu, kina godoro jipya, na hata huko siendi."

Muuza magodoro alicheka mpaka kiti kikalia.

"Ningekuambia nini?" mke wangu akaninong'oneza. "Tangu juma lililopita, kesho, kesho. Ilibidi nitafute kitu kitakachokuamsha mapema."

Jioni nilikaa kwenye kiti changu cha dirishani. Hapakuwa na mtu wa kunitazama. Nikakaa, nikajigeuza, nikakaa tena. Halafu nikainuka, nikachukua bisibisi, nikaenda chooni.

Mke wangu akanifuata, akasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Naweka kitasa."

"Miaka yote hii nimekuomba."

"Mtu hawezi kuitukana nyumba yangu hivihivi," nikasema. "Ina kasoro gani nyumba hii? Chumba cha nyuma kina dirisha zuri. Kina hewa."

"Kwa hiyo nimwite mama aje akae?"

Nilikaza skrubu ya mwisho, nikafunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena.

"Sijasema aje," nikamjibu kutoka ndani. "Nimesema asikatae."