Mlango wa Fundi Saa

Karani wa takwimu alishazoea kufungiwa milango, lakini fundi saa alimkaribisha mpaka ndani. Mzee aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya gereji, kitanda upande huu, meza ya kazi upande ule. Alijibu maswali ya utafiti wa kaya bila kinyongo, hadi alipoulizwa kama ana watoto wanaoishi kwingine.

"Haya yanabaki hapa?"

"Yanabaki, baba. Nimekula kiapo. Jina lako halitoki, hata kwa ndugu yako."

"Ninaye mmoja, binti. Nilimwacha mdogo. Hajui kama niko hai." Akajikuna shavu kwa mkono wa kushoto, usio na kidole gumba.

Jumamosi karani alikwenda saluni kusukwa nywele. Msusi wake, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, siku hiyo alikuwa kimya. Alikuwa ametoka kumzika mama yake.

"Nimebaki na baba, kama bado yupo," alisema hatimaye. "Alikuwa fundi saa. Hana kidole gumba, mkono wa kushoto. Wewe dada unayezunguka nyumba za watu, hujamwona?"

Karani alishukuru kwamba msusi alikuwa nyuma yake, hakuuona uso wake.

"Hata nikimwona mtu, mdogo wangu, siruhusiwi kusema."

"Najua. Nauliza tu."

Kesho yake karani alirudi nyuma ya gereji, akasimama mlangoni kwa mzee.

"Baba, binti yako anakutafuta. Sijamwambia kitu. Mama yake amefariki, amebaki peke yake. Ukitaka, nitakupeleka kwake."

Mzee alizima taa ya mezani.

"Ulisema jina langu halitoki."

"Halijatoka."

"Basi lisitoke." Akaufunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Nyumbani, mume wa karani alimuuliza mbona kanuna. Akasema kichwa kinamuuma. Tangu hapo akahamia saluni nyingine, hadi siku aliyokutana na msusi sokoni.

"Dada, nimekukosea nini? Au nilikukaza sana nywele?"

"Hujanikosea."

"Basi rudi. Mwenzio sina wa kuongea naye."

Karani aliahidi kurudi. Jioni ile alikaa mbele ya kioo, akaanza kufumua nywele alizosukwa kwenye ile saluni nyingine, msuko mmoja baada ya mwingine.