Makofi ya Konokono

Hebu piga picha: watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na mwalimu wa darasa la nne, aliyepewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao, ameshika kalamu na hajaandika kitu tangu mwalimu mkuu aseme neno kufukuza... wafukuzwe wote watatu, wasichana wa miaka kumi, waliomzingira binti wa msusi chooni wakampigia makofi mpaka akajikojolea, makofi ya viganja tu, kofi moja, kimya, kofi moja, kimya, na mwalimu anaujua mdundo huo kuliko mtu yeyote humu ndani, "Mwalimu, umeandika hapo?" nimeandika, anasema, hajaandika, macho yake yako ubaoni, pale pale aliposimama yeye muhula wa kwanza, siku ile joto limewachosha wote, binti wa msusi amesimama kusoma na kigugumizi chake kimekaba neno, mmm... mmm... wenzake wanaanza kuguna, na yeye mwalimu, na uzoefu wake wote wa miaka thelathini na moja, akasema kwa utani, jamani, tumpigie makofi ya konokono, taratibu atafika, na likapigwa la kwanza, na neno likatoka, kweli lilitoka, darasa likacheka, hata mtoto mwenyewe alicheka, si alicheka?... au alionyesha meno tu, kama mtu anayekanyagwa mguu na mgeni wa heshima.

Na kesho yake tena, na kesho kutwa, ikawa desturi ya darasa, akaisimulia kwenye ofisi ya walimu, wenzake wakasema wewe mama una mkono wa kulea watoto, naye akavimba kichwa kidogo, si kidogo, alivimba, halafu makofi yakatoka nje ya mlango, yakamfuata mtoto bombani, yakamfuata njiani, mpaka kwa fundi cherehani wa pale kona, ambaye alikuwa akimwona anapita anasimamisha mashine na kupiga, moja, kimya, moja, na mwalimu siku hiyo alikuwa anapita na mfuko wake wa madaftari, aliona, akacheka, akasema fundi nawe, basi, fundi nawe, ndiyo maneno yote aliyoyasema, na leo fundi huyo huyo amesimama dirishani, mita ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, anasema, "Watoto wa siku hizi adabu hawana. Samaki mkunje angali mbichi, hawa waende," na vichwa vinatikisika, naam, waende, na bibi wa mmojawapo anasema kwa sauti iliyokauka, "Mjukuu wangu mimi hakuzaliwa na hayo, baba. Nyumbani kwetu hakuna anayepiga makofi hivyo," na dereva wa lori, baba wa mwingine, anajaribu kuchekesha, "Mkianza kufukuza mtafukuza shule nzima. Wangu mdogo hata shule hajaanza, anayapiga akiogeshwa," wawili watatu wanacheka, kicheko kinakatika katikati kwa sababu msusi ameinua uso.

Msusi hajalia, vidole vyake virefu vya kusukia vimelala mapajani kama vya mtu mwingine, "Mimi sijaja kuomba mtoto wa mwenzangu afukuzwe. Wiki ya tatu hii mwanangu hajatamka neno, hata mama hajaniita, akitaka maji ananionyesha kikombe. Nataka nijue tu, haya makofi waliyajulia wapi?" na mwalimu anatazama kucha zake, si mimi niliyewatuma chooni, mimi nilitaka neno litoke, nilitaka kusaidia... ulitaka kipindi kiishe, sema kweli, ulikuwa umechoka na neno lake lilikuwa linakuchelewesha, na umebakiza mwaka mmoja ustaafu, watu watasema nini, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, acha wale watoto waende, watapata shule nyingine, watoto wanasahau... hawasahau, yeye mwenyewe ni mzee na bado anamkumbuka aliyemwita kijiti mbele za watu, basi asimame, aseme ni mimi, anione kila mtu, na hapo anamwona fundi atakavyoshusha pumzi, kumbe ni mwalimu, na dereva, kumbe ni mwalimu, wote watamtwika yeye mzigo kama wanavyowatwika sasa wale wasichana, watakwenda nyumbani wepesi, na kesho pale kona mashine itasimama tena, kofi moja, kimya, hapana, si hivyo, atasema nilianza mimi, kisha atawauliza kwa upole, kama anavyomuuliza mtoto aliyeficha vipande vya kikombe, wewe fundi uliongeza lini, nawe baba, mtoto alipopiga bafuni ulimwambia nini, na tutafanya nini sote kesho asubuhi mtoto akipita, na wale watatu wabaki, wakae mbele, nami nijifunze kungoja neno la mtu mpaka lifike lenyewe... anafungua mdomo, yeye wa kuongea miaka yote hiyo, sasa neno limekwama, na hakuna anayempigia makofi, wanamngoja tu, na hata kungojwa huku kunauma, na yule mtoto aliyabeba hayo kila siku akiwa wima.

"Kuna mwenye la kuongeza," anauliza mwalimu mkuu, "kabla mwalimu hajaandika?" na karatasi bado nyeupe, na msusi bado ameinua uso, na mwalimu anavuta pumzi. Wewe uliyemtazama mpaka hapa, ukishamsikia anasema au hasemi, tafadhali kumbuka jambo moja: saa hiyo hiyo, nyumbani, yule mtoto alikuwa amekaa peke yake, na jirani yeyote angeweza kwenda kukaa naye.