Hewa Mbaya Hukaa Chini

Mageni Luhende hakuwa mtu wa kufundishwa habari za hewa. Miaka kumi na minne alikuwa akishuka mashimoni kule Geita, tisa kati ya hiyo akiwa nyapara wa zamu, na pua yake ilijulikana mgodi mzima. Akisema shimo hili leo haliingiwi, basi haliingiwi, hata angekuja mzungu na karatasi yenye mihuri saba. Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba 1953, kwenye uwanda mkavu wa mawe kati ya kibanda cha pili na cha tatu cha Mlima Kilimanjaro, shemeji yake Herman alipoanza kupepesuka na mzigo kichwani huku akiimba nyimbo za harusi, Mageni hakujiuliza mara mbili. Ugonjwa ule aliujua.

Alikuwa ameuona kwa Herman huyuhuyu. Miaka minne nyuma, Herman aliteremka kwenye shimo la zamani bila kutanguliza mshumaa. Na mshumaa ndio ulikuwa sheria ya mashimoni: unaufunga kwenye kamba, unauteremsha polepole, na pale unapofifia ndipo hewa mbaya ilipolala. Chini ya hapo mtu haendi. Herman akasahau, au alijifanya kusahau, maana ujana una mambo yake. Muda si muda akasikika huko chini akicheka peke yake na kuita ng'ombe wa baba yake kwa majina. Mageni alijifunga kamba kiunoni, akabana pumzi, akamfuata, akamfunga naye, akawapigia wenzake kelele wavute. Pale juu Herman alitapika, akafumbua macho, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Limi, dada yake Mageni, aliyemletea kaka yake chakula. Mwaka haukwisha, ng'ombe wakapelekwa kwa kina Mageni. Sasa walikuwa na binti, Justa, na kila penye pombe Herman alisimama kusimulia hadithi ile ile, na kila mara aliimaliza kwa maneno yale yale: "Nyapara alinipandisha. Bila yeye nisingekuwa mtu."

Mageni alijifanya kuchoshwa na hadithi hiyo. Uongo mtupu. Aliipenda kuliko mshahara.

Safari ya mlimani aliianzisha mpimaji wa mgodi, mzungu mrefu waliyemwita Bwana Kamba kwa kuwa hakupita mahali bila kupapima. Alitaka kupanda Kilimanjaro na vyombo vyake, na hakutaka kumkabidhi mgeni vyombo hivyo. Akamwambia Mageni achague watu sita waliozoea kamba na mizigo. Jina la kwanza Mageni alilotaja lilikuwa la Herman. Siku lori lilipoondoka kuelekea Shinyanga, Limi alikuja na mtoto mgongoni, akamvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, mimi sina maneno mengi," alisema. "Baba Justa uliniletea wewe kutoka shimoni. Sasa unamchukua. Unirudishie."

"Nitakurudishia," alisema Mageni, huku jicho lake likiwa kwenye mizigo. Alisema kama mtu anayeahidi kurudisha jembe.

Huko Marangu walipewa kiongozi, Mchagga mmoja mwembamba aitwaye Mzee Onesmo, ambaye alikuwa amepanda mlima ule mara nyingi hata hakuwa na haja ya kuzihesabu. Sheria yake ilikuwa moja: mtu atembee mwendo ambao anaweza kuzungumza bila kuhema. Watu wa Geita walicheka. Watu waliozoea kubeba mawe ngazini waambiwe watembee kama bibi harusi! Siku ya kwanza, msituni, waliwatangulia Onesmo na wabebaji wake wa Kichagga kwa saa nzima, wakawangoja kibandani wakivuta sigara. Siku ya pili wakawatangulia tena. Mageni alifurahi, kichwa kikamvimba.

"Watu wa Geita hawaugui vichwa," alimwambia Onesmo jioni hiyo, wote wamezunguka chungu cha maharage kilichochemka tangu alasiri na maharage bado yanagonga meno.

Onesmo alikoroga chungu tu. "Huku juu maharage hayaivi, nyapara," alisema. "Kesho tule uji."

Herman alikuwa amekaa karibu yao. Kichwa kilikuwa kinampasuka tangu mchana na chakula hakikupita kooni. Lakini angesemaje, yeye shemeji wa nyapara, wakati nyapara amekwisha kujisifu mbele ya watu? Akajifunika blanketi, akanyamaza. Hayo Mageni aliyajua baadaye, na yalimuuma kuliko mengine yote.

Kesho yake, Onesmo na Bwana Kamba walitangulia. Mageni alibaki nyuma kuwasukuma wabebaji. Walivuka kijito cha mwisho, wakajaza madumu, wakaingia uwanda usio na jani. Ilikuwa yapata saa nne Herman alipoanza kuimba. Kisha akatua mzigo mwenyewe, akaketi juu yake na kuanza kuvua viatu.

"Unafanya nini?" Mageni aliuliza.

"Nyumba ya watu haiingiwi na viatu," alisema Herman, akitazama mawe matupu mbele yake kwa heshima kubwa.

Wenzao wakacheka. Mageni hakucheka. Moyo ulimlipuka, lakini papo hapo ukatulia, maana alikuwa kwenye kazi yake sasa. Akatazama huku na huko. Uwanda ulikuwa umelala kati ya vilele viwili, umebonyea katikati, na upepo ulikuwa umekufa. Shimo hilo. Shimo kubwa tu, lisilo na paa.

"Hewa mbaya," alisema. "Imekaa hapa bondeni. Nkwabi, chukua mzigo wake. Huyu nampandisha."

Nkwabi, mtu mnene mwenye nguvu za fahali, alisita. "Nyapara, kwa nini tusirudi kule kwenye maji? Si mbali."

"Yaya!" Hasira zilimrudisha Mageni kwenye Kisukuma kwanza. "Hapana! Umemwona nani aliyelewa hewa akapelekwa chini? Chini ndiko inakokaa!"

Basi akamweka shemeji yake mgongoni, akamfunga kwa blanketi, akapanda. Saa mbili nzima alipanda. Mapafu yalimwaka, na kila alipotaka kukaa alijikumbusha kamba na shimo, na Limi amesimama na sufuria ya chakula. Herman aliimba sikioni mwake kwa muda, halafu akaacha kuimba akaanza kukohoa. Mageni aliona ni dalili njema, kwamba mapafu yanajisafisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Kibanda cha tatu kilikuwa cha mabati, kimesimama peke yake chini ya kifusi cha changarawe kilichopanda mpaka mbinguni. Onesmo alikuwa mlangoni. Alipomwona Herman tu, uso wake ulibadilika.

"Kwa nini umemleta huku?"

"Nimempandisha. Alikuwa amelewa hewa."

"Tangu saa ngapi yuko hivi?"

"Saa nne."

"Saa nne!" Onesmo alishika kichwa. "Mgeuze. Sasa hivi. Usimlaze, usimpe hata chai. Mshushe."

Mageni alihisi damu ikimpanda usoni. Wabebaji walikuwa wamefika, wote wanatazama. "Mzee wangu," alisema, akijizuia, "shikamoo yako nimekupa kila asubuhi tangu Marangu. Lakini hili ni la kwetu. Mimi nimetoa watu mashimoni wewe ukiwa hujaliona shimo. Hewa mbaya hukaa chini. Mtu huyu anataka kupanda zaidi, afike penye upepo."

"Kutoka hapa nimewabeba wawili waliokufa," alisema Onesmo. "Wote wawili walikuwa na rafiki aliyejua zaidi yangu."

Bwana Kamba alikuwa amelala ndani, kitambaa chenye maji kichwani, naye pia hajiwezi. Walimuuliza. Alifumbua jicho moja. "Nyapara najua mambo ya hewa," alisema. "Mimi naona yeye kazini. Fuata yeye." Kisha akageukia ukutani. Kwa maneno hayo machache mambo yakawa yameamuliwa, na kama kuna aliyetaka kubisha, akameza maneno yake.

Mageni akauliza kuna nini huko juu. Mmoja wa Wachagga akasema kuna pango. Mageni akamfunga Herman upya na kuanza kukipanda kifusi.

Changarawe ile ilikuwa inampa hatua moja na kumnyang'anya nusu. Hakufika mbali. Pengine hatua mia mbili, pengine mia tatu, akasikia shingo yake imelowa. Akajipapasa, akatazama kiganja. Povu, na ndani ya povu kulikuwa na wekundu. Akamshusha Herman nyuma ya jiwe kubwa lililokinga upepo. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Kifuani mlisikika maji yakichemka.

"Baba Justa," Mageni aliita. "Herman. Herman!"

Herman alifumbua macho, lakini hayakumtazama mtu.

Hapo ndipo Mageni aliogopa. Mgodini, mtu ukimfikisha juu anafunguka. Kila hatua ya ngazi anaongeza uhai. Huyu kila hatua alikuwa anapungua. Kuna kitu hakikukaa sawa, na mtu wa mashimoni asipojua hali ya hewa, anajua la kufanya. Akatia mkono kwenye koti la jeshi, akatoa kipande cha mshumaa alichotembea nacho popote, hata kanisani.

Kiberiti cha kwanza kilizimika. Cha pili kikazimika. Cha tatu kikashika, akaukinga utambi kwa viganja. Mwali ukatokea mdogo, wa bluu, umeng'ang'ania utambi. Akauweka chini kwenye changarawe: mdogo. Akasimama, akaunyanyua juu ya kichwa chake, nyuma ya lile jiwe: mdogo vilevile. Hapakuwa na juu wala chini. Hewa yote ilikuwa mbaya, kutoka unyayoni mpaka mkono wake ulipoweza kufika.

Akakumbuka kibanda cha kwanza, kule msituni, mshumaa huu huu umesimama urefu wa kidole. Kibanda cha pili, jana, aliukatia utambi akidhani ni nta mbovu. Alikuwa ameuona ukifupika siku tatu mfululizo kwa macho yake mwenyewe. Yeye, Mageni mwenye pua! Mshumaa ulikuwa umemwambia, na yeye alikuwa akiutumia kuwashia sigara.

Akageuka. Onesmo alikuwa amesimama hatua kumi chini yake. Alikuwa amemfuata muda wote bila neno, begani ana miti miwili ya hema na blanketi, nyuma yake Nkwabi anahema.

"Umemaliza?" aliuliza Onesmo.

"Nimemaliza," alisema Mageni. "Nionyeshe."

Walifunga machela. Hawakusimama kibandani. Waliteremka wakikimbia pale palipowezekana kukimbia, Onesmo mbele akichagua njia, Mageni na Nkwabi wakibeba, Nkwabi akipokezana na Wachagga wawili waliojiunga nao walipopita kibandani. Mageni alikataa kupokezwa. Macho yake hayakutoka kwenye kifua cha shemeji yake. Kilipanda, kikashuka, kikakaa. Kilipokaa, naye aliacha kuhema mpaka kipande tena. Mara mbili kilikaa muda mrefu mno na mara zote mbili alisikia sauti ya Limi, bila hasira, ikisema neno lile moja: unirudishie.

Penye kijito walitua machela wabadilishe mikono. Mageni alichomoa kiberiti, akapiga njiti. Ilishika mara ya kwanza. Hakumwambia mtu, lakini machozi yalimtoka, na alisema ni vumbi.

Jua lilikuwa linazama walipoingia kibanda cha pili. Walimkalisha Herman akiegemea ukuta, kama Onesmo alivyoagiza, wakamfunika blanketi zote walizokuwa nazo. Maji ya kifuani yalikuwa bado yanasikika, ila kwa mbali. Midomo ilianza kurudi rangi. Wakangoja. Nkwabi alilala palepale alipokaa. Hatimaye Herman alikohoa, akatazama dari, akamtazama Mageni, na safari hii macho yalimwona.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Tumetoka?"

"Tumetoka."

Herman alitabasamu. "Nilijua utanipandisha."

Onesmo alikuwa anapuliza moto. Aliendelea kupuliza, hakuinua kichwa. Kule Geita hakuna mtu angejua. Herman mwenyewe angesimama penye pombe kuisimulia, mara ya pili sasa, na Limi angepiga goti kumshukuru kaka yake. Mageni aliona yote hayo kwa mara moja.

"Nilikupandisha," alisema. "Saa mbili na zaidi, wewe unakufa mgongoni mwangu, na mimi napanda tu. Nkwabi aliniambia, nikamkaripia. Mzee huyu aliniambia, nikamkatalia mbele za watu. Yeye ndiye amekushusha. Ungekufa, ningekuwa nimekuua mimi."

Herman aliutoa mkono ndani ya blanketi, akautafuta wa shemeji yake, akaushika.

"Basi," alisema. "Limi tusimwambie."

"Limi nitamwambia mimi mwenyewe," alisema Mageni. "Na wenzetu wote wa zamu. Nikinyamaza, iko siku nitampandisha mwingine."