Kocha Aliyeomba Kufukuzwa

Virgil Stroud alikuwa mwamuzi wa besiboli katika viwanja vidogo vya Kansas tangu nywele zake zingali nyeusi, na ugomvi wa makocha aliujua kama mtu ajuavyo kikohozi cha nyumbani kwake. Akiutukana uamuzi, mwache apoe. Akikutukana wewe, mtoe. Lakini yule anayetaka kutolewa, ili wachezaji wake wapandwe na hasira waamke, huyo usimpe. Mnyime, arudi akakae na aibu yake.

Kwa hiyo Emmett Lasky, kocha wa wenyeji, alipomjia awamu ya tano kati ya tisa kubishia mpira ambao hata kipofu angejua umetoka nje, Virgil alicheka ndani ya kinyago chake cha kukinga uso. Timu ya Lasky ilikuwa inachapwa vibaya.

"Nitoe, Virgil," Lasky alisema chini chini.

"Leo sikupi, mzee. Kawaamshe watu wako kwa njia nyingine."

Lasky akatupa jicho nyuma ya wavu, alikokaa mwenye timu akila soseji. Akafungua mdomo, akaufunga, akarudi.

Awamu ya saba akatoka tena, mbio, kofia mkononi. Watazamaji wakasimama wakipiga kelele za furaha. Lasky alirusha mikono kama mwendawazimu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Akasema mkewe, Noreen, yuko hospitali Salina, na daktari amesema hatafika kesho. Ruhusa ameomba. Mwenye timu amemjibu kwamba akiondoka kabla ya mechi kwisha asirudi tena, na bima inayomtibu Noreen imefungwa kwenye kazi hiyo. Ila mwamuzi akimfukuza, sheria yenyewe ndiyo inayomtaka aondoke.

"Mbona hukuniambia mapema, ndugu yangu?"

"Uwanja ulikuwa kimya. Yule angesikia."

Virgil akamkumbuka mkewe, Opal. Alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa anaamua mechi, amesimama kwenye kituo cha tatu cha wakimbiaji, mji wa mbali, na wakubwa wa ligi walikalia habari mpaka mchezo ukaisha. Hawakutaka mechi iharibike.

"Piga teke vumbi," akamwambia Lasky. "Nitukane. Mtukane na mama yangu, marehemu hatajali."

Lasky akapiga teke, vumbi likawafunika wote wawili. Alikuwa analia, na watu wakadhani ni hasira. Virgil akanyoosha mkono juu, akamtoa. Uwanja mzima ukamzomea, kikombe cha bia kikampiga mgongoni. Akainama kufagia kibao cha chini anaposimama mpigaji, taratibu, ingawa kilishakuwa safi.

Mechi ilipokwisha, kocha msaidizi alimkuta anafungua viatu. Alisema Lasky amepiga simu. Kocha huyo alipofika wodini, wauguzi walikuwa wameshamfunika Noreen. Mwili ulikuwa bado na joto.

Mwenye timu akapita mlangoni, akatikisa kichwa. "Kocha mzima hajui kujizuia," akasema, akaenda zake.

Virgil akamlaani kimoyomoyo, yeye na wakubwa wote wanaokaa kivulini wakipanga nani akamzike nani na saa ngapi. Haki ya kumlaani alikuwa nayo. Lakini kutoka awamu ya tano mpaka ya saba, muda ule haukupotezwa na mwenye timu; aliyeupoteza ni yeye. Akabaki na kiatu kimoja mguuni, hakujua akivue hicho au avae kile kingine.